Mgongo Wazi

Nimepewa dakika tatu. Kengele ipo mezani, naiona.
Jina langu Rosbela Adongo, wa Obunga, hapa hapa Kisumu,
mweka hazina wa kikundi cha wanawake ishirini na wawili,
na kazi yangu, kama harufu haijawafikia mapema,
ni kukaanga migongo wazi.

Wageni hawaujui mgongo wazi, niwaeleze.
Mbuta anavuliwa ziwani, anaingia kiwandani mzima;
minofu inachunwa, inalazwa kwenye barafu,
inapanda ndege kwenda kwenye meza nisizozijua.
Kinachobaki ni kichwa, mkia, na kati yake
uti mweupe kama kitana.
Huo ndio tunaonunua kwa ndoo.
Huo ndio uliosomesha watoto wetu.

Sasa mnauliza: je, mataifa yachange
kujenga chuo kikuu kimoja cha dunia,
kichunguze umaskini, maradhi, njaa, vita vya ndugu kwa ndugu?
Nimewasikia asubuhi nzima mkitaja asilimia.
Bwana wa tai ya kijani kasema nchi yake itatoa
ikiwa jirani atatoa; na jirani
akaiinamia simu yake kama mtu anayesali.

Mimi nasema kijengwe.
Sisemi kwa kuwa mmenilipia nauli.
Mwaka ule wa kipindupindu, mtaa wa kwanza kuzika ulikuwa wetu,
na wa pili ulikuwa ng'ambo ya ziwa, kwenye bendera nyingine.
Hakikusimama mpakani kigongewe muhuri.
Magugumaji nayo hayana pasi ya kusafiria:
Jumatatu yako kwao, Ijumaa yamefunga gati yetu.
Donda likishakuwa la ujirani
dawa haichemshwi kwenye jiko moja.

Lakini.
Mwenyekiti, usiiguse hiyo kengele.

Nimehojiwa mara tisa, nimezihesabu.
Wa kwanza alipima moshi wa jiko langu.
Wa pili alipima kifua changu.
Msichana mmoja, mpole, alikaa nami wiki mbili,
akaandika hata namna ninavyonyamaza.
Wote walisema watarudi na majibu.
Majibu yapo, naamini; yamelazwa kwenye barafu mahali,
yamepanda ndege.
Sisi tumebaki na maswali,
tunayafyonza kama uti, tukitema miiba.

Basi kabla hamjatia sahihi:
minofu ya chuo hiki italiwa wapi?

Kikundi chetu hakina mkataba wa kurasa mia.
Kila Alhamisi, shilingi mia mbili ndani ya bakuli.
Dorsila ana vibanda vitatu, hutoa mara tatu,
ila wakati wa kura mkono wake ni mmoja.
Anayechelewa anatozwa faini, hata akifiwa na ng'ombe.
Na daftari linasomwa kwa sauti
mpaka yule asiyejua kusoma aseme, haya, nimeelewa.
Hivyo ndivyo tulivyomsomesha Akumu wa marehemu Pilista
akawa muuguzi. Hakuzaliwa na yeyote kati yetu.
Nani atasema si wetu?

Tuliwahi kuibiwa, ndiyo. Mwizi alikuwa mweka hazina
aliyenitangulia. Kikundi hatukukivunja.
Tulinunua kufuli la pili
na funguo tukazigawa kwa wawili wasiopendana.
Andikeni hilo, nyinyi wenye kalamu.

Imelia. Haya, namaliza.
Pale mlangoni nimeacha ndoo yenye kifuniko chekundu,
kila nchi ina mgongo wake, umekaangwa alfajiri.
Ulaji ni wa mikono. Mwiba ukimkwama mtu, asikohoe;
ameze tonge la ugali bila kulitafuna.
Hilo sijaliona kwenye kitabu chochote.
Mwanafunzi wenu wa kwanza anaweza kuanzia hapo.

Na ndoo naomba irudi.